Kwa nini msumari unazama ilhali meli ya chuma inaelea?

Muulizaji (mwalimu wa darasa la nne, Lindi):
Walimu wenzangu, naomba msaada. Niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba vitu vizito huzama na vyepesi huelea, ndipo mtoto mmoja akaniuliza kwa nini msumari mdogo huzama papo hapo, ilhali meli ya chuma inayobeba malori huelea. Mwingine akaongeza kwamba kwao huchongwa mpingo, na kipande chake kikitumbukia kwenye ndoo hakirudi juu, ingawa ni mti. Niwaeleze vipi bila kuwachosha kwa hesabu?

Mchangiaji wa kwanza:
Mwalimu mwenzangu, uzito peke yake hauamui. Maji hukisukuma kitu kwenda juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimeyaondoa mahali pake. Kanuni hiyo tunaihusisha na Archimedes, Mgiriki wa Sirakusa aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Chukua kipande cha chuma cha gramu 790. Ujazo wake ni takriban sentimita za ujazo 100, kwa hiyo kikizama chote huondoa gramu 100 tu za maji, na hizo haziwezi kukibeba. Chuma hichohicho kikifuliwa kiwe bakuli pana, kitashuka majini mpaka kiondoe gramu 790 za maji, kisha kitatulia, mradi maji hayajafika ukingoni. Meli hubebwa hivyohivyo. Darasani tumia udongo wa mfinyanzi: kwanza tonge, kisha kikombe chembamba.

Mchangiaji wa pili:
Nakubaliana naye, ila nakusihi usiwaambie watoto kwamba kinachoelea huelea kwa sababu kina hewa. Mafuta ya kupikia hayana hewa, nayo hukaa juu ya maji. Waeleze densiti, yaani gramu ngapi zimo katika kila sentimita moja ya ujazo. Maji yana 1, barafu 0.92, chuma karibu 7.9, na mpingo mkavu takriban 1.2, ndiyo maana unazama. Hewa husaidia pale tu inapopunguza densiti ya kitu kizima, kama ilivyo kwa chungwa, ambalo huelea likiwa na ganda lake na kwa kawaida huzama likimenywa.

Muulizaji:
Nawashukuru sana. Leo tumefanya jaribio la chungwa, na kila mtoto aliandika anachotarajia kabla hatujalitia majini. Wengi walidhani likimenywa litaelea zaidi kwa kuwa limepungua uzito. Yai nalo lilizama katika maji matupu, likapanda tulipokoroga chumvi. Sasa wanauliza kama mpingo nao ungepanda.

Mchangiaji wa pili:
Swali zuri sana. Maji yaliyokolea chumvi mpaka hayawezi kuyeyusha zaidi hufikia densiti ya takriban 1.2, karibu sawa na mpingo wenyewe, kwa hiyo vipande vingine vitapanda na vingine vitabaki chini. Waache walete vipande kutoka miti mbalimbali, na wavipime kwa mizani kabla ya kuvitumbukiza.