Ikiwa eneo linaloungua duniani limepungua, hatari ya moto mkubwa imeongezekaje?

Msomaji: Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba eneo linaloungua kila mwaka duniani lilipungua kwa takriban robo kati ya 1998 na 2015, ilhali wanasayansi wanasema mabadiliko ya tabianchi yanazidisha hatari ya moto mkubwa wa misitu. Tena mioto mingi huanzishwa na watu. Joto la dunia linahusikaje hasa?

Mtafiti: Kauli zote mbili ni sahihi, ila hazipimi kitu kimoja. Sehemu kubwa ya eneo linaloungua ni savana, hasa za Afrika, ambako nyasi huungua na kuota tena mvua zinaporudi. Upungufu umetokea zaidi huko, kwa kuwa mashamba yameigawa nyika na kuuzuia moto usisambae. Misitu ya kaskazini ina habari yake: mwaka 2023 ziliungua hekta zaidi ya milioni 15 nchini Kanada, kiasi ambacho nchi hiyo haikuwahi kukiona tangu ianze kuweka kumbukumbu zake.

Ni kweli pia kwamba joto haliwashi moto; kazi yake ni kuziandaa kuni. Kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na pasipo maji ya kutosha ya kuijaza, huunyonya unyevu wa udongo, majani na matawi yaliyoanguka, hata cheche ambayo zamani ingejifia yenyewe ikapata pa kushika. Usiku nao umebadilika. Wazima moto walizoea kuutumia ubaridi wake kuudhibiti moto uliopungua nguvu, lakini usiku ukiwa na joto na ukavu, moto haulali.

Mdadisi: Niongeze kwamba mvua nayo huchangia, jambo ambalo wengi hulisahau. Kusini mwa California, vichaka na nyasi vilistawi kwa misimu miwili ya mvua nyingi, kisha mvua za mwishoni mwa 2024 zikakosekana karibu kabisa, na Januari 2025 upepo mkali ulipovuma, Los Angeles ikaungua. Hata hivyo tusiibebeshe tabianchi kila lawama. Magharibi mwa Marekani, desturi ya kuzima kila moto kwa miongo mingi imelimbikiza kuni msituni, na watu wameendelea kujenga nyumba kandokando yake.

Msomaji: Je, mchango wa tabianchi unaweza kutenganishwa na hayo mengine?

Mtafiti: Kwa kiasi, ndiyo. Watafiti hutumia modeli za kompyuta kulinganisha dunia ya leo na ile ambayo haijapashwa joto na binadamu. Walipochunguza mioto ya Australia ya 2019 na 2020, walikadiria kwamba uwezekano wa kupata hali ya hewa ya hatari kiasi kile umeongezeka kwa angalau asilimia 30 tangu 1900. Neno "angalau" lina uzito wake hapo, maana modeli hizo huonyesha ongezeko la joto kali lililo dogo kuliko lile lililopimwa.