Lindi au Mikindani? Mimi na mke wangu tumekwama njiani, naombeni ushauri

Msafiri wa Kusini:
Wakuu, habari za usiku.

Mimi nina miaka 51, mama watoto 46. Watoto wakubwa wanajitegemea, wa mwisho yuko chuo. Dar imetuchosha, foleni na joto na kodi ya fremu vimetumaliza. Tukakubaliana tutafute mji wa pwani uliotulia tukazeekee huko, tufuge kuku, jioni tukae kibarazani tunatazama maji. Na badala ya kusikiliza ya watu tukaona tuchukue gari, tuzunguke kusini wenyewe mji kwa mji, ndipo tuamue.

Tumetoka Dar alfajiri, chai tukanywa Nangurukuru, tukala samaki Somanga, tukavuka Daraja la Mkapa, jioni tukawa Lindi. Ratiba ilikuwa tulale tu, kesho yake tushuke Mingoyo hadi Mikindani na Mtwara mjini. Sasa mwenzangu ameipenda Lindi, anasema hasogei. Anashinda ufukweni kwa wauza samaki, ananunua vibua na kupiga soga nao utadhani kazaliwa hapa.

Mimi naona Mikindani ndiyo penyewe. Wenye uzoefu nipeni sababu za msingi za Mikindani kuizidi Lindi kwa watu wa umri wetu. Matusi sitaki.

Ngoja Waje:
Nimekaa pale. Wajuzi wanakuja.

Mama Salfa:
Kaka, achana na bahari, bahari hailiwi. Njoo huku Naliendele ama panda juu Newala, nunua mikorosho yako. Mwezi wa sita unapuliza salfa, mwezi wa kumi mnada umefunguliwa, unasubiri malipo yako kupitia chama cha msingi. Mimi nimesomesha watoto kwa korosho, wala sijawahi kumwona samaki kanilipia ada. Ila uwe na moyo, malipo yakichelewa utawachukia hata jirani zako.

Bati Kutu:
Hilo la kutazama maji jioni mnalipenda kwa sababu hamjaishi nalo. Nilijenga Shangani, Mtwara, karibu na maji kama unavyotaka wewe. Vilivyotangulia kufa ni bawaba za milango. Zikafuata kufuli, kila mwezi nakata kwa msumeno. Halafu siku moja nimelala nikasikia kitu kimeanguka sebuleni, kumbe ni plasta ya lenta. Nondo imevimba kwa kutu mpaka imeisukuma nje. Fundi alikuwa amechota mchanga ufukweni ili aokoe hela ya lori, na mimi nilikuwa Dar namtumia pesa kwa simu nikijua mambo yanaenda. Ukijenga pwani, mchanga utoke mbali na maji, na nondo ifunikwe zege nene. Bati usinunue lile jembamba la kumfurahisha shemeji.

Mtoto wa Ligula:
Mkuu, swali dogo. Umeomba ushauri au umeomba mashahidi? Mbona unataka sababu za Mikindani tu? Una nini huko?

Msafiri wa Kusini:
Sina kitu, napenda historia. Mikindani ni mji wa kale, kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na Livingstone aliondokea hapo 1866 safari yake ya mwisho. Ghuba imetulia, mikoko ipo, mtu unapumua.

Mtoto wa Ligula:
Na Livingstone mwenyewe alipita tu, hakujenga.

Dereva Mstaafu:
Mmenikumbusha mbali. Vijana wa leo mnalalamika Dar hadi Mtwara, kilomita zisizofika 600 za lami. Sisi kabla ya daraja kufunguliwa 2003 tulikuwa tunasubiri kivuko pale Rufiji, na masika gari linalala kwenye tope mpaka abiria wanaanza kuoana. Sitanii, utingo wangu mmoja alipata mke njia ile. Tulikuwa tunabeba sufuria na unga, ukiondoka unaaga kama mtu anayekwenda vitani. Hata sasa msijisahau. Mei 2024 baada ya kile kimbunga cha Hidaya barabara ilikatika maeneo ya Somanga, mabasi yakakwama. Anayehamia kusini ajue kuna siku atakuwa kisiwani.

Binti wa Kimwera:
Mzee wangu, shikamoo, hadithi tamu lakini mleta mada hajajibu. Kaka, nakuuliza kwa heshima, MIKINDANI UNA NINI? Kama ni mwanamke sema tukusaidie vizuri.

Zege la Moto:
Ni mwanamke. Wanaume wenye miaka 51 hawapendi historia ghafla.

Msafiri wa Kusini:
Jamani si mwanamke. Haya, nisieleweke vibaya. Kuna kiwanja nimekiwekea advansi, milioni nne kati ya tisa. Kiko Mikindani, kina minazi, kinashuka hadi majini. Mke wangu hajui kwa sababu nilitaka akifika akipende mwenyewe, ndipo nimwambie kuwa tayari ni chetu. Ilikuwa zawadi.

Muuzaji alikuwa na mteja mwingine kutoka Dodoma amesimama na fedha mkononi. Ningesubiri vikao vya familia kingeondoka. Karatasi zipo, mwenyekiti wa mtaa amegonga mhuri.

Zege la Moto:
Mteja wa Dodoma 😂😂😂 Huyo jamaa amesimama na hela kwenye kila kiwanja Tanzania hii. Ukimwona mwambie tunamsalimia.

Binti wa Kimwera:
Kwa hiyo umempakia mtoto wa watu kwenye gari umzungushe kuchagua kitu ulichokwisha kuchagua. Halafu alipochagua kweli, umekuja kutafuta jeshi la kumpinga. Kaka yangu, hiyo zawadi ni ya nani?

Nahodha Msangamkuu:
Tuache ndoa kwanza. Kutoka mnazi wa mwisho hadi maji ni hatua ngapi, na ulikwenda saa ngapi?

Msafiri wa Kusini:
Hatua kama hamsini hivi. Ilikuwa saa nne asubuhi, mchanga mkavu safi kabisa.

Nahodha Msangamkuu:
Mwezi ulikuwa mpevu?

Msafiri wa Kusini:
Nakumbuka usiku ulikuwa mweupe, ndiyo. Unahusika nini?

Nahodha Msangamkuu:
Basi ulikwenda wakati wa bamvua, maji yamekupwa mpaka mwisho wake. Bamvua huku saa nne asubuhi ni kavu, saa kumi jioni bahari imerudi na mizigo yake. Ulichopima si kiwanja, ni sehemu wanapochokoa chaza akina mama. Rudi siku ya mwezi mpevu, saa kumi jioni, usimame penye mnazi wako wa mwisho. Nenda umevaa kaptula.

Mwanasheria wa Kijiweni:
Naongezea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mhuri wa mwenyekiti hausogezi bahari. Kabla ya kulipa hata shilingi nyingine nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uliza kama eneo limepimwa na limepangwa kuwa nini. Na hiyo tano iliyobaki utaitoa wapi?

Msafiri wa Kusini:
Nauza nyumba ya Chanika. Ina jina langu peke yangu, hapo hakuna tatizo.

Mwanasheria wa Kijiweni:
Mnaishi wote humo?

Msafiri wa Kusini:
Ndiyo.

Mwanasheria wa Kijiweni:
Soma Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, hata hati iwe na jina lako na picha yako ya harusi. Mnunuzi mwenye akili atakudai saini ya mama.

Mjomba Mkuu:
Mimi ni Mmakonde, nitakwambia ambalo dalali hakukwambia. Huku kwetu ukoo unafuata upande wa mama. Huyo aliyekuuzia anaweza kuwa mpwa tu, na minazi ni ya bibi, wenye kauli ni wajomba, na wajomba wako Dar na Tanga huko hawana habari. Ukianza kuchimba msingi ndipo utawaona wanashuka kwenye basi mmoja mmoja. Uliza pia umenunua ardhi au umenunua minazi. Pwani hii mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe.

Msafiri wa Kusini:
Muuzaji ni mtu mzima, anaswali, haonekani kuwa mtu wa njama. Na nyie mnaongea kama hakuna aliyewahi kununua ufukweni akafanikiwa. Mnakumbuka 2012, 2013 gesi ilivyovuma, viwanja vya Mtwara vilivyopanda? Waliowahi ndio waliokula.

Bati Kutu:
Waliowahi KUUZA ndio waliokula. Walionunua wakisubiri Dubai walibaki na mageti mazuri na mbuzi ndani. Na usimwambie mkeo habari za gesi, maana Lindi nao wana mradi wao wa gesi wa Likong'o wanausubiri.

Dereva Mstaafu:
Samahani, kuna jambo linanikereketa tangu juzi. Nimerudi kusoma mada ya kwanza. Mleta mada anasema chai Nangurukuru, samaki Somanga, kisha Daraja la Mkapa, kisha Lindi. Nimeendesha njia hiyo nusu ya maisha yangu. Ukitoka Dar unapita Kibiti, Ikwiriri, daraja, Somanga, ndipo Nangurukuru. Huyu amepanga kama mtu anayerudi Dar.

Zege la Moto:
CHAIIII. Nilijua. Tumekunywa chai ya tangawizi bila vitumbua.

Ngoja Waje:
Na mwaka jana ID hiihii ilifungua uzi wa "natafuta mchumba mwenye hofu ya Mungu". Wasimamizi, wekeni huu uzi jukwaa la hadithi.

Mama Salfa:
Mimi nimempa mtu mbinu za salfa bure kumbe hayupo?

Msafiri wa Kusini:
Uzi wa mchumba nilimwandikia mdogo wangu. Kuhusu njia, nimeipita zaidi ya mara moja mwaka huu ndiyo maana vituo vimeingiliana. Msimu wa korosho nilikuja peke yangu kulipa hiyo advansi, nyumbani nilisema nimekwenda msibani Masasi. Hamkuuliza, sikusema.

Binti wa Kimwera:
Msiba wa nani?

Binti wa Kimwera:
Kaka, nimekuuliza, ulimuua nani kwa ajili ya minazi?

Mjomba Mkuu:
Mimi namwamini. Chai ya kutunga ingekuwa na mpangilio mzuri zaidi.

Zege la Moto:
Weka picha ya Lindi asubuhi hii. Jua linatoka baharini, huwezi kutudanganya.

Msafiri wa Kusini:
Siweki picha. Mwenzangu ameamka, anataka twende ng'ambo ya Kitunda, wauza samaki wamemwambia kuna eneo zuri. Simu naiweka mfukoni sasa hivi. Mwenye kujua haraka, boti ya Kitunda ya kwanza inaondoka saa ngapi?

Nahodha Msangamkuu:
Ikijaa. Mwache yeye aongee na wenyeji.