Mrejesho: pedi ya gemu ya PS2 (PlayStation 2) iliyokuwa inajibonyeza yenyewe

Wakuu, nimerudi. Ni yule niliyeomba msaada hapa kuhusu DualShock 2 (pedi ya PS2) ya rangi ya fedha niliyoinunua mtumba Kariakoo: kitufe cha X kilikuwa hakishiki, cha R1 kinajibonyeza chenyewe. Aliyesema nisikimbilie kusafisha kwa spiriti, nianze na kile kisponji chini ya utepe wa plastiki wenye njia za umeme, ubarikiwe sana. Kilikuwa kimelala kama chapati. Nimekiinua kwa tepu ya umeme niliyoikunja mara tatu, nikafunga skrubu, vitufe vyote vinashika.

Stiki ya kushoto (kile kijiti cha kuelekezea) ndiyo bado inavuta juu yenyewe bila kuguswa. Spiriti iliituliza siku mbili tu, kwa hiyo natafuta pedi mbovu nihamishe stiki yake. Mkuu uliyeshauri nipulize WD-40 (ile dawa ya kulegeza kutu), samahani, sikuthubutu.