Naomba ushauri: propela ipi inaifaa mashua ya tanga yenye injini ndogo ya dizeli?

Ndugu wajuzi wa vyombo vya majini, salaam.

Nina mashua ya tanga ya futi 26 hapa Kigoma, yenye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 10, ambayo giaboksi yake hupunguza mizunguko kwa nusu kabla haijafika kwenye shafti. Propela ya awali, ya mapanga mawili, ilivunjika kwenye mwamba karibu na Katonga, na alama zake zilikwisha kufutika, kosa ambalo ni langu kwa kutoziandika mapema.

Kwa sasa natumia ya kuazima, ya mapanga matatu, iliyoandikwa 13 x 10, yaani kipenyo cha inchi 13 na pichi (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ya inchi 10. Injini inayopaswa kufika mizunguko 3,600 kwa dakika inaishia 2,800 hata nikifungua mafuta yote, huku ikitoa moshi mweusi. Naelewa kuwa imezidiwa mzigo, na kimo cha ziwa, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, huipunguzia nguvu kidogo.

Je, nipunguze pichi peke yake, au na kipenyo pia? Mapanga matatu husukuma vizuri, lakini hukokota maji nikitweka tanga, na wakati wa kusi mimi hutegemea tanga zaidi. Shafti ni ya inchi moja, nayo huzunguka kulia ikitazamwa kutoka nyuma.