Msaada wakuu: dawa ya aleji imeandikwa "somnolence", dereva naweza kumeza?

mzee_wa_semi: Wakuu habari za Jumapili. Aleji inanitesa, vumbi likipanda kidogo tu napiga chafya mpaka machozi yanatoka. Duka la dawa wamenipa cetirizine, sasa kile kikaratasi cha ndani chenye maandishi ya kutafuta kwa tochi, kwenye madhara wameweka "somnolence". Kwenye Piriton nimezoea kuona "drowsiness", hiyo najua ni kusinzia. Hii nyingine ni ugonjwa au? Kesho usiku natoka Dar na mzigo wa Mbeya.

Binti_Famasi: Ni hiyohiyo kaka, macho mazito na akili inachelewa hata kama umelala vizuri. Cetirizine haiingii sana kwenye ubongo kama Piriton ndo maana wengi hawasinzii, ila wapo wanaosinzia na huwezi kujua we ni wa kundi gani mpaka umeze, sasa usije ukajulia kwenye kona za mlima Kitonga huko njiani. Meza usiku ambao kesho yake huendeshi, uone mchana unakuwaje, maana kidonge kimoja kinafanya kazi kama masaa 24. Bia weka pembeni kabisa. Na syrup za mafua na kikohozi soma kwanza, nyingine ndani zina dawa ileile ya kwenye Piriton. Ikikusinzisha rudi uulizie loratadine, hiyo ina nafuu.

mla_kamusi: Mi nijazie upande wa lugha. Hiyo "somnolence" ni Kilatini, somnus yaani usingizi, Waingereza wameipata kupitia Kifaransa. Ndo ukoo mmoja na "insomnia", ile in ya mbele inakanusha, yaani kukosa usingizi. "Drowsy" yenyewe ni ya kwao wenyewe, inahusishwa na kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kuzama, kulegea. Ukimwona abiria wa dirishani shingo inavyoshuka kidogokidogo halafu anashtuka, waliolitunga hawakukosea. Somnus pia ni mungu wa usingizi wa Warumi, Wagiriki walimwita Hypnos na pacha wake ni Thanatos, mauti.

Ustaadh_Tanga: Hata sisi tunaambiwa usingizi ni ndugu wa mauti. Kwa dereva wa semi wala si ndugu wa mbali 😂

kausha_damu: Mkuu kunywa kahawa kavu twende kazi, mnakuza mambo

Binti_Famasi: @kausha_damu kahawa haiitoi dawa mwilini. Unajiona uko macho kumbe breki unakanyaga kwa kuchelewa.

mzee_wa_semi: Nimewaelewa sana. Nimeongea na bosi, kanuna lakini kakubali mzigo wa kesho apewe mwenzangu, mi naondoka Alhamisi. Leo nameza saa tatu usiku.

mla_kamusi: Safi. Mrejesho usisahau mkuu.