Naomba ushauri: bakapu za konfigi za ruta na swichi bila kununua leseni

Fundi_Waya
Wakuu, habari za majukumu.

Niko kitengo cha TEHAMA cha chuo kimoja huku Morogoro, tuko wawili tu. Tuna ruta za MikroTik kwenye lango la intaneti na majengo ya pembeni, swichi za Cisco Catalyst za zamani mabwenini na maktaba, na Ubiquiti za kurusha mawimbi hadi kampasi ndogo. Jumla vifaa 40 hivi.

Juzi umeme ulikatika, uliporudi swichi ya maktaba ikafa. Nyingine ilikuwepo stoo, kilichokosekana ni konfigi (mipangilio yake). VLAN zipi (mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi), poti ipi inaenda wapi, vyote vilikuwa kichwani mwa jamaa aliyehama kazi. Tulimpigia simu mpaka akaacha kupokea. Sasa bosi anataka konfigi zote zihifadhiwe, na ajue nani kabadili nini lini. Hela kasema hakuna. Nimesoma kuhusu RANCID na Oxidized, programu za bure za kuhifadhi konfigi, nimebaki njia panda. Seva ndogo ya Debian ninayo. Wenzangu mnatumia nini?

mzee_wa_kebo
RANCID mkuu, umemaliza. `apt install rancid`, vifaa unaviorodhesha kwenye router.db, paswedi zinakaa kwenye .cloginrc, halafu kroni (kipanga ratiba cha Linux) inaiamsha kila saa. Inaingia kwenye kifaa yenyewe, inachukua konfigi, inalinganisha na iliyopita. Kukiwa na tofauti unapata imeili yenye mistari iliyoongezwa na iliyofutwa. Kama hakuna kilichobadilika, haikusumbui.

Nkatha_net
Namheshimu mzee, na RANCID bado inafanya kazi. Lakini kwa anayeanza leo ningesema Oxidized. Iliandikwa kwa lugha ya Ruby kwa nia hasa ya kuchukua nafasi ya RANCID. Vifaa vyako vyote vinajulikana humo: `ios` kwa Catalyst, `routeros` kwa MikroTik, `airos` kwa zile Ubiquiti. Ukichagua Git (kumbukumbu ya matoleo ya faili), kila badiliko linaingia humo, kwa hivyo unaweza kurudi nyuma uone poti ya 12 ilikuwa VLAN gani kabla ya mtu kuigusa. Bila kubadilisha chochote inazunguka vifaa kila sekunde 3600.

Kama mna LibreNMS (programu ya kufuatilia mtandao) hapo chuoni, raha zaidi. Oxidized inachukua orodha ya vifaa kutoka LibreNMS, na konfigi unaisoma kwenye ukurasa wa kifaa chenyewe.

mzee_wa_kebo
Kurasa za kupendeza ni za kumwonyesha bosi. Mimi nataka imeili.

Nkatha_net
Hata imeili inawezekana mzee wangu, unaweka huk (kichochezi) ya kuita skripti kila konfigi inapobadilika. Ila hapo nakubali, RANCID inakupa bila jasho.

bit_mnazi
Mbona mnampeleka mbali? Vifaa 40 ni Python na Netmiko (kifurushi chake cha kuingia kwenye vifaa vya mtandao), mistari michache tu, unaandika faili, `git commit`, kwisha habari.

Nkatha_net
Na wewe ukihama, hiyo skripti ataisoma nani? Mwenye uzi yuko hapa kwa sababu ya vitu vilivyokuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Kufuli
Kabla hujafunga chochote, kumbuka hiyo seva itashika funguo za mtandao mzima. Atakayeiingia ameingia kila mahali.

Tengeneza akaunti ya peke yake kwa kazi hii. Kwenye MikroTik kundi lenye `ssh` na `read` ndiyo mwanzo, jaribu `/export` kwa mkono uone inatoa nini. Cisco ni mbishi zaidi kwa sababu `show running-config` (kuonyesha konfigi inayotumika sasa) inataka haki za juu, basi angalau weka access-class (orodha ya wanaoruhusiwa) kwenye vty (milango ya kuingia kwa mbali) ili watu waingie kutoka mtandao wa usimamizi tu. Telnet (kuingia kwa mbali bila usimbaji) izime. Ukurasa wa Oxidized wenyewe hauombi paswedi, uache kwenye 127.0.0.1 (seva yenyewe tu) na mbele yake weka nginx (seva ya wavuti) yenye kuingia kwa jina.

Na tafadhali usirushe hizo konfigi GitHub ya wazi. Paswedi za Cisco za aina ya 7 zinafunguliwa kwa sekunde. Kuna `remove_secret: true` ya kuzificha, ila siku ya kurejesha kifaa utalazimika kuwa nazo mahali pengine.

Switch_Mama
Hakuna aliyegusa suala la kurejesha, na ndiko watu wanakoumia.

Fundi_Waya, hata kama ungekuwa na running-config ya ile swichi ya maktaba, VLAN zingeweza kukosekana. Catalyst ikiwa server au client wa VTP (itifaki ya Cisco ya kusambaza VLAN kati ya swichi), VLAN zinakaa kwenye faili ya vlan.dat iliyo ndani ya flash, hazionekani kwenye running-config. Unabandika konfigi kwenye swichi mpya, poti zinaelekezwa VLAN 30, lakini swichi haijui jina la VLAN 30 wala VLAN nyingine zilizokuwepo. Ukiweka `vtp mode transparent` zinaanza kuonekana kwenye konfigi, na bakapu yako inazibeba. Angalia `show vtp status` swichi moja moja kabla ya kubadili.

MikroTik nayo ina yake. `/export` ni maandishi, inasomeka, Git inaipenda, na unaweza kuihamishia modeli nyingine ukirekebisha majina ya poti. Lakini haibebi paswedi za watumiaji wala vyeti. `/system backup save` inabeba zaidi, ila imekusudiwa kifaa kilekile. Weka zote mbili. Na kama mko RouterOS 7 (mfumo wa MikroTik), export inaficha siri mpaka uongeze `show-sensitive`.

Fundi_Waya
Asanteni sana. Nimefunga Oxidized, MikroTik na Ubiquiti zote zimeingia. Catalyst zinagoma, logi inasema "could not settle on kex algorithm". Na dada Switch_Mama, nimeangalia, swichi tatu ni VTP server. Sikujua kabisa.

Nkatha_net
Hiyo ni SSH (njia ya kuingia kwa mbali iliyosimbwa) ya zamani kwenye swichi, haipatani na Oxidized namna ya kubadilishana funguo (kex). Ziweke hizo Catalyst kwenye kundi lake, na kwenye `vars` za kundi hilo andika `ssh_kex: diffie-hellman-group14-sha1`. Zilizochoka kabisa zitataka group1. Usiiweke kwa vifaa vyote, huko ni kulegeza usalama wa zile nzuri.

Switch_Mama
Server tatu mtandao mmoja? Linganisha revision number zao kwanza (namba ya toleo la orodha ya VLAN). Usichomeke swichi yoyote ya stoo kabla hujajua yake, ikiwa domain ya VTP ni ileile na namba yake ni kubwa inaweza kufuta VLAN za chuo kizima.

Kufuli
Na hiyo seva ya Debian iko raki gani? Kama ni ileile iliyopigwa na umeme, weka nakala ya Git jengo lingine leo hii.

Fundi_Waya
Ni ileile, mkuu. Nahamisha nakala mchana huu.