Mteja wangu wa sonona anasahau kila tunachozungumza, naombeni ushauri

Mnasihi_Ipagala: Habarini wakuu. Nina mteja, mama wa Chamwino, ana sonona. Kikaoni tunaelewana vizuri, wiki ijayo hakumbuki kitu na zoezi hajagusa. Nimechoka, nifanyeje?

Nkuhungu1: Sonona yenyewe hupunguza umakini na kumbukumbu, usimwone mkaidi. Kikao kimoja unampa mambo mangapi?

Mnasihi_Ipagala: Sita, saba hivi.

Nkuhungu1: Mengi mno. Chagua mawili. Kila moja likiisha, akueleze kwa maneno yake. Usimuulize "umeelewa?", ataitikia tu kwa heshima. Kabla ya kuaga arudie tena. Wiki ijayo usiharakishe kumkumbusha, mwache atafute mwenyewe kichwani, ukimya usikutishe. Akipata hata nusu, msifu. Mwanasaikolojia Allison Harvey wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, na wenzake wameijenga tiba yao juu ya mambo haya haya.

Mzee_wa_Makulu: Siku hizi mgonjwa anaachiwa mnasihi, ndugu wamejitoa. Wakae naye!

Famasia_AreaC: Anameza nini? Amitriptilini, dawa ya sonona, huweza kutia ukungu kwenye kumbukumbu, hasa umri ukisogea. Arudi kwa aliyemwandikia, asiikatishe ghafla.

Nkuhungu1: Na zoezi unampaje?

Mnasihi_Ipagala: Natuma ujumbe kwenye simu.

Nkuhungu1: Simu ya nani?

Mnasihi_Ipagala: Ya mumewe. Ndiye anayelipa nauli, ni mtu mwema, nikaona atamhimiza.

Famasia_AreaC: Mama aliridhia?

Mnasihi_Ipagala: Sikumuuliza. Ila bila mume haji kabisa, jamani.

Nkuhungu1: Basi huenda hasahau. Anaficha, kwa sababu siri zake zimeshasomwa. Acha kutuma leo, umwombe radhi.

Kizota_Kwetu: Mbona kila akiulizwa kinazuka kipya? Hili ni swali la darasani, mwanafunzi anataka majibu ya bure.

Mnasihi_Ipagala: Anakuja Alhamisi, kaka. Si darasa.

Famasia_AreaC: Hata kama ni darasa, mama wa namna hii wapo. Alhamisi muulize peke yake, waziwazi, kama anawaza kujiua. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali ya akili ya Mirembe siku hiyo hiyo.

Nkuhungu1: Zoezi liwe moja, lishikane na kazi ya kila siku: akishatua ndoo ya asubuhi, aende kwa jirani dakika kumi. Lijaribuni hapo hapo ofisini, aseme nani, saa ngapi, na kitakachomzuia. Aliandike kwenye kikaratasi.

Mnasihi_Ipagala: Hajui kusoma.

Nkuhungu1: Achore ndoo na mlango, kwa mkono wake. Akifunge kwenye pindo la khanga.